Mkebe wa Babu: Noti Kuukuu za Marekani na Swali Tunalokosea Kuuliza

Kama unanifuata hapa kitambo, unajua niliacha chuo mwaka wa pili, na sababu unaijua: karo. Sitarudia hiyo hadithi. Leo nataka kuwaambia kuhusu zile siku chache ambazo niliamini kabisa narudi darasani, juu ya mkebe wa biskuti.

Babu yangu alifanya kazi bandarini Kilindini miaka mingi, na mabaharia wa kila aina walipitia mikononi mwake. Alipofariki, ami alifungua sanduku lake. Ndani kulikuwa na mkebe, na ndani ya mkebe noti tatu za Marekani, zimefungwa vizuri kwa karatasi ya nailoni. Ya kwanza ilikuwa dola 1, muhuri wa buluu, imeandikwa 1957. Ya pili dola 5, muhuri mwekundu, 1963. Ya tatu ndiyo iliyonyamazisha nyumba nzima: dola 100, imeandikwa 1862, karatasi ya manjano nzito inayokwaruza, na katikati picha ya watu weusi wakilima pamba.

1862! Mama alikaa chini. Ami alianza kuhesabu vyumba vya kupangisha. Mimi nikahesabu semesta.

Nikaingia mtandaoni, na huko kila video inasema ukiwa na noti kama hii wewe ni tajiri na hujui. Nikampata jamaa anayejiita mnunuzi. Aliangalia picha, akasema atatoa dola elfu arobaini, lakini kwanza nitume shilingi elfu nane za "cheti cha ukaguzi". Wasee, nilikuwa nimeshaandika nambari yake kwa simu. Ilibaki PIN tu. Nyanya, ambaye alikuwa anachambua mchicha pale mlangoni wala hakuonekana kusikiliza, akauliza: "Mjukuu wangu, kama hiyo karatasi ni mali, mbona yeye ndiye anayeomba pesa?"

Sikutuma. Nilifunga simu, na kesho yake nikaanza kusoma, nikiwa na hasira ya mtu aliyekaribia kuibiwa akishukuru. Haya ndiyo niliyoyapata.

Swali si "ya mwaka gani?"

Kila mtu akishika noti kuukuu anauliza mwaka. Hilo si swali la kwanza. Noti ni ahadi iliyochapishwa. Swali la kwanza ni: nani aliahidi? La pili: bado anatimiza? Uzee wenyewe haulipwi na mtu. Mawe pia ni mazee.

Wamarekani walijifunza hili kwa uchungu mapema sana. Mwaka 1775, makoloni yalipoanza vita na Uingereza, Bunge lao la Bara halikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Likachapisha karatasi. Wanajeshi wakalipwa karatasi, wakulima wakauza ngano kwa karatasi. Waingereza nao wakachapisha bandia za karatasi hizo hizo ili kuziua kabisa. Kufikia 1781 zilikuwa hazina kazi sokoni, na Wamarekani wakabaki na msemo wa kusema kitu hakifai hata kufananishwa na noti ya Bara. Mwaka 1790 serikali mpya ilikubali kuzibadilisha: dola 100 za karatasi kwa dola 1 ya hati mpya za deni. Fikiria askari aliyepigana, akalipwa 100, halafu anaambiwa ni 1.

Baada ya hapo, kwa miaka mingi serikali kuu iliogopa kuchapisha noti za kutembea mikononi mwa watu kila siku. Kazi hiyo ikafanywa na benki za watu binafsi. Mamia ya benki, kila moja na noti zake, picha zake, saizi zake. Ukiwa karibu na benki yenyewe, noti yake ya dola 5 ni dola 5, kwa sababu unaweza kuingia ukadai sarafu. Ukisafiri nayo mbali, mfanyabiashara anakata kidogo. Ukienda mbali zaidi, anakata zaidi. Kulikuwa na magazeti maalum yanayoorodhesha benki gani imekufa, ipi inakatwa asilimia ngapi, na ipi noti zake bandia ziko mtaani. Muuza duka aliweka gazeti hilo chini ya kaunta kama vile leo muuza duka anavyoinua noti ya elfu kwenye mwanga.

Shikilia hapo hilo jambo la umbali. Tutalirudia.

Mwaka 1861

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, serikali ya Kaskazini iliishiwa. Mwaka 1861 ikatoa noti zake za dola 5, 10 na 20, na nyuma zikachapwa kwa wino wa kijani. Watu wakaziita migongo ya kijani, na jina hilo halijawahi kufa. Mwaka 1862 zikafuata noti nyingine ambazo sheria ilimlazimu kila mtu azipokee kama malipo, ikiwemo ya kwanza ya dola 1. Sura iliyokuwa kwenye ile dola 1? Salmon P. Chase, waziri wa Hazina mwenyewe, ambaye tamaa yake ya urais haikuwa siri. Jamaa alijiweka kwenye pesa ndogo ambayo kila mpiga kura angeishika. Siasa ni ile ile.

Sasa hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawajui: kila noti ambayo serikali ya Marekani imetoa kuanzia 1861 bado ni halali kwa thamani iliyoandikwa juu yake. Haijalishi imechanika kona au imefifia. Kwa hivyo noti halisi ya serikali ya Marekani ya 1880 haiwezi kushuka chini ya thamani yake. Mjadala ni kama inazidi, na inazidi kiasi gani.

Kusini nao walichapisha

Lakini 1862 hiyo hiyo kulikuwa na serikali nyingine. Majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili yaendelee kumiliki watumwa yalikuwa na Hazina yao na noti zao. Noti ya dola 100 ya 1862, ile yenye watu wanaolima pamba, ilikuwa na ahadi ya ajabu: italipwa miezi sita baada ya mkataba wa amani kati ya Kusini na Marekani, na kila siku itazaa riba ya senti mbili. Yaani: shikilia, tukishinda tutakulipa.

Hawakushinda. Mwaka 1868 Marebisho ya 14 ya katiba ya Marekani yakasema wazi kwamba deni lolote lililochukuliwa kusaidia uasi ule ni batili. Ahadi ikafa kisheria, si sokoni tu.

Na bado angalia picha. Wale watu wenye majembe hawakuwekwa pale kama pambo. Utajiri wa Kusini ulikuwa pamba, na pamba ilikuwa ni wao. Watu waliomilikiwa walichorwa kwenye pesa kama dhamana ya pesa. Nilikaa na noti ya babu mkononi nikitazama hiyo picha muda mrefu, na sikufikiria semesta tena.

Ajabu ni kwamba leo noti halisi za Kusini zinauzwa. Ya kawaida inaweza kuleta makumi ya dola, adimu inaleta zaidi. Ahadi ilikufa, kikabaki kitu cha kukusanya. Lakini hapo hapo ndipo kuna mtego, kwa sababu hizi ndizo noti za Marekani zilizonakiliwa sana. Mwaka 1862 wenyewe, vita vikiendelea, mchapishaji wa Philadelphia aitwaye Samuel Upham alikuwa anauza nakala zake kama kumbukumbu, na jina lake liko pembeni ya karatasi. Watu walikata hilo pembe na kuzipeleka Kusini kama pesa. Karne moja baadaye nakala zilikuwa zinauzwa kwa watalii, na zinauzwa mpaka leo.

Utajuaje? Noti halisi ya Kusini ilichapwa kwenye karatasi nyembamba, na zile kubwa zilitiwa sahihi kwa kalamu na wino, moja baada ya nyingine, na makarani waliokaa kutwa wakiandika. Geuza kwenye mwanga: wino wa kalamu una sehemu nzito na nyepesi. Nakala ya watalii ina karatasi nene, ya manjano ya kutengenezwa, inayokwaruza, na sahihi zimechapwa pamoja na picha.

Karatasi ya manjano inayokwaruza. Eh. Tutafika.

Vile unasoma noti ya Marekani

Ukipata moja kwa sanduku la mtu wako, fuata huu mpango kabla ya kufungua mdomo mtandaoni.

Kwanza, saizi. Mpaka 1929 noti za Marekani zilikuwa kubwa, karibu milimita 189 kwa 79. Kuanzia hapo zikapunguzwa hadi milimita 156 kwa 66, saizi ya leo. Ukiona noti kubwa halisi, tulia, umeshika kitu cha kuangaliwa vizuri.

Pili, rangi ya muhuri na ya nambari. Kwa noti ndogo hii ndiyo njia ya haraka zaidi. Kijani ni noti ya Benki Kuu yao, ya kawaida. Mwekundu kwa kawaida ni noti ya serikali moja kwa moja, mjukuu wa zile za 1862. Buluu ni hati ya fedha: iliahidi kwamba mwenye kuishika angeweza kudai madini ya fedha. Ahadi hiyo ilifungwa tarehe 24 Juni 1968, ikabaki dola tu. Dhahabu ni hati ya dhahabu. Mwaka 1933 Rais Roosevelt aliamuru watu warudishe dhahabu pamoja na hati hizo, na mpaka 1964 kuwa nazo nyumbani lilikuwa kosa. Kahawia ni za benki za miji, zilizobeba jina la benki na la mji, na hapo bei inategemea mji: mji mkubwa ulitoa nyingi, kijiji chenye benki moja ndogo kilitoa chache, na chache ndizo zinazotafutwa.

Kuna muhuri mmoja ambao unahusu bara letu. Majeshi ya Marekani yalipotua Afrika Kaskazini Novemba 1942, wanajeshi walilipwa hati za fedha zenye muhuri wa manjano badala ya buluu. Sababu ni rahisi: Wajerumani wakiteka rundo la noti hizo, Marekani ingezikana noti za muhuri huo peke yake bila kugusa nyingine. Zile za Hawaii zilichapwa neno HAWAII kwa sababu hiyo hiyo, wakiwahofia Wajapani. Ahadi iliyochapishwa ikiwa na mlango wa kutorokea.

Tatu, mwaka. Mwaka ulioandikwa si mwaka noti ilipochapwa. Ni mwaka wa toleo, na hubadilika pale mchoro au maafisa wanaotia sahihi wanapobadilika. Toleo la 1935 liliendelea kuchapwa kwa miaka mingi, likiongezewa herufi A, B, C na kuendelea. Hiyo herufi ndogo inaweza kubadilisha bei, kwa hivyo usiiruke.

Nne, nyota. Noti ikiharibika kiwandani, hutolewa nyingine mahali pake, na tangu 1910 noti hizo za kujazia huwekwa nyota kwenye nambari. Zinakuwa chache, kwa hivyo wakusanyaji huzilipia zaidi. Nambari zenyewe pia zina wapenzi wao: 00000001, au tarakimu moja mwanzo hadi mwisho.

Tano, hali. Hapa ndipo watu wanapojiumiza. Wataalamu hupima noti kwa alama 1 hadi 70. Mkunjo mmoja katikati unashusha. Kona butu zinashusha. Selotepu inaua. Na tafadhali, usiioshe, usiipige pasi. Unafikiri unaipendezesha, kumbe unafuta kile mnunuzi anacholipia. Iweke kwenye mfuko wa plastiki safi usio wa PVC, mahali pakavu, basi.

Mwisho, usitazame bei mtu anayoomba. Tazama bei iliyolipwa kwenye mnada uliokwisha. Mimi naweza kuandika kwamba naomba milioni kwa soksi zangu. Ni kweli kuna noti za mamilioni: mwaka 2014 noti ya dola 1,000 ya 1890, inayoitwa Tikitimaji Kubwa kwa vile sufuri zake nyuma zinafanana na matikiti, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 3. Lakini zilizobaki za aina hiyo unaweza kuzihesabu kwa vidole. Dola yako ya 1957 ina dada zake mabilioni.

Sahihi ambayo soko halijui kuipima

Kuna kitu kimoja nilikikuta nikitafuta bei, na ndicho kilichonifanya niandike haya yote. Noti za Marekani za zamani zilikuwa na sahihi ya Msajili wa Hazina. Mwaka 1881 aliyepewa cheo hicho ni Blanche K. Bruce. Alizaliwa mtumwa Virginia mwaka 1841. Baadaye akawa seneta wa Mississippi, na kisha sahihi yake ikachapwa kwenye noti za Marekani, mtu mweusi wa kwanza.

Weka noti mbili mezani. Kwenye ya kwanza mtu mweusi ni picha, hana jina, ni dhamana ya pesa ya mtu mwingine. Kwenye ya pili, miaka ishirini tu baadaye, mtu aliyezaliwa katika utumwa huo huo ndiye anayetia sahihi, na bila jina lake noti haijakamilika. Karibu karne moja baada yake, Azie Taylor Morton akawa Mweka Hazina wa Marekani, 1977 hadi 1981, mwanamke mweusi, na sahihi yake iko kwenye dola za toleo la 1977. Unajua dola hiyo ikiwa imetumika inauzwa ngapi? Dola moja. Soko linahesabu ngapi zimebaki na kona zikoje. Halihesabu nani alitoka wapi mpaka akafika kwenye hiyo karatasi. Hilo unalihesabu wewe.

Basi mkebe ulikuwa na nini?

Nilizipima zote kwa huo mpango.

Dola 1 ya 1957, imekunjwa mara kadhaa: kama dola moja na nusu hadi tatu. Dola 5 ya 1963 yenye muhuri mwekundu: dola chache juu ya tano. Na ile ya 1862? Karatasi nene, sahihi zimechapwa. Nakala. Baharia fulani alimpa babu kumbukumbu ya watalii, na sifuri ndiyo bei yake. Jumla: hela ya chakula cha mchana kizuri cha watu watatu, ukipata mtu wa kukulipa.

Na kumpata ndiyo shida yenyewe. Nilienda na ile dola 5 kwenye duka moja la kubadilisha pesa mjini. Dada wa kaunta hata hakuinua. "Hatuchukui za zamani." Hata wale wenye dola mia za vichwa vidogo, zilizotoka kabla ya mchoro mpya wa 1996, wengi wanajua hiyo aibu: ama unakatwa, ama unarudishwa. Marekani inasema noti ni halali. Dirisha la Nairobi linasema hapana. Sikumlaumu dada. Akiipokea, nani atamnunulia yeye? Unakumbuka zile benki za kabla ya 1861, noti inakatwa kadiri unavyoenda mbali na aliyeiahidi? Ndiyo hiyo. Sisi tuko mbali na ahadi ya dola, na umbali una bei yake.

Na ahadi ya karibu pia huisha. Tarehe 1 Juni 2019 tuliambiwa noti yetu ya zamani ya elfu moja inakufa, na mwisho ni 30 Septemba. Aliyekuwa ameificha chini ya godoro na hakusikia, kesho yake alikuwa na karatasi.

Kwa hivyo sikurudi chuo kwa mkebe. Iliniuma, siwadanganyi. Yule jamaa wa dola elfu arobaini alijua vizuri sana kitu kimoja: mtu mwenye shida haulizi "nani aliahidi", anauliza "lini". Akaniuzia ahadi, bei elfu nane. Noti ya Kusini ilifanya kazi vile vile: shikilia, tutakulipa mbele.

Nyanya aliomba zile noti tatu. Nikamwambia ile kubwa ni feki. Akasema anajua sasa, lakini babu aliitunza miaka yote akidhani anatuachia kitu, na hiyo nia haikuwa feki. Amezirudisha mkebeni, na mkebe uko juu ya kabati.

Ukiwa na noti ya babu yako, anza na rangi ya muhuri. Na mtu yeyote akikuomba pesa ili akupe pesa, mwite nyanya.